Sikio Linalojua Njia ya Kurudi Nyumbani



Jioni moja ya majira ya baridi yaliyopita mjukuu wangu, kijana wa miaka 14, alirejea kutoka shule akapita sebuleni bila ya kuketi, akalisukuma sanduku la saksafoni yake mvunguni mwa kitanda. Chakula hakukigusa. Nilipomwuliza kulikoni, alinijibu kwa Kiingereza, kama ilivyo ada yake siku hizi, kwamba hataki tena. Baada ya Isha ndipo maneno yalipomtoka. Katika kikundi cha jazi cha shule yao, mwalimu alizikusanya karatasi zote za noti akawaambia wanafunzi: leo fuateni kwa masikio. Wenziwe watatu wanne waliweza. Yeye alipotea, akarudi, akapotea tena, na mwisho akabaki ameketi na ala yake mapajani mpaka kengele ikalia. Aidha aliambiwa kwamba asipoweza kuufuata wimbo bila ya karatasi, hatakuwamo katika onyesho la mwisho wa muhula.

Baba yake, aliyekuwa akijitayarisha kwenda kazini zamu ya usiku, alisema maneno machache tu: "Basi irejesheni hiyo saksafoni ya watu, ashike hesabu." Sikumlaumu. Mzazi anayelala mchana na kufanya kazi usiku ili wanawe wasome ana haki ya kuuliza kila jambo lina faida gani. Lakini mimi nimesomesha kwa zaidi ya miaka thelathini, na nimejifunza kwamba mtoto akiliacha jambo kwa kulichoka, si neno. Ila akiliacha kwa kuamini kwamba yeye ni mzito wa kuelewa, imani hiyo haibaki kwenye jambo lile peke yake. Humfuata hata kwenye hizo hesabu.

Nikaomba muda. Mkwe wangu akasema kwa heshima, "Haya, Mama. Mpaka mwisho wa muhula." Tulikuwa na majuma kumi.

Makala hii ni habari ya yale tuliyoyafanya katika majuma hayo, mimi nisiyejua kupiga hata zumari, na kijana aliyejua kusoma noti lakini hakujua kuzisikia. Najua kwamba miongoni mwetu wamo wasioruhusu ala za muziki majumbani mwao, na wamo wanaoruhusu. Wanazuoni wamehitilafiana katika suala hili tangu zamani, nami si mtu wa kutoa fatwa. Kila mzazi na amwulize anayemwamini. Haya yanawahusu wale ambao watoto wao wanasoma muziki shuleni, na pia yeyote anayependa kujua jinsi sikio la binadamu linavyofundishika.

JAZI IPI?

Neno "jazi" si geni kwetu. Watu wa makamo yangu wanazikumbuka Dar es Salaam Jazz, Western Jazz na Morogoro Jazz ya marehemu Mbaraka Mwinshehe. Hata hivyo bendi zile zilichukua jina, na muziki wao ulikuwa dansi la magitaa lenye asili na ladha yake. Jazi ninayoizungumzia hapa ni ile iliyozaliwa kwa Wamarekani Weusi, hususan katika mji wa New Orleans, mwanzoni mwa karne ya 20, kisha ikapanda kaskazini hadi Chicago, Kansas City na New York. Wasomaji wetu walioko Marekani wanaishi katika miji ambamo muziki huo ulikulia.

Wala hauko mbali nasi kama tunavyodhani. Mpiga piano Ahmad Jamal wa Pittsburgh, aliyefariki mwaka 2023, na Yusef Lateef, mpiga saksafoni na filimbi aliyefariki mwaka 2013, walichukua majina ya Kiislamu wakiwa vijana na wakadumu nayo maisha yao yote. Mwaka 1960 mpiga piano Randy Weston alirekodi kazi ndefu aliyoiita "Uhuru Afrika", ambamo Kiswahili kinasikika, na huyo Lateef alikuwamo miongoni mwa wapigaji. Katika miaka ya mwanzo ya 1970 Herbie Hancock na wenziwe walijipa majina ya Kiswahili, naye mwenyewe akajiita Mwandishi. Mjukuu wangu hakuyajua hayo. Nilipomwambia kwamba watu wale walilitafuta neno la lugha yake ilhali yeye analikimbia, alicheka, na kicheko hicho ndicho kilichotufungulia mlango.

KORDI NI NINI?

Wapiga magitaa wa kwetu husema "kodi", lakini kwa kuwa sote tunalipa kodi ya nyumba kila mwezi, mimi nitaandika "kordi" ili tusichanganyikiwe.

Kila aliyepita shule ya msingi anaijua ngazi ya sauti: do, re, mi, fa, so, la, ti, na kurudi do. Ukizitoa sauti tatu au zaidi kwa pamoja, kwa kuruka moja moja, umepata kordi. Do, mi na so ni kordi iliyosimama juu ya do. Fa, la na do ni kordi iliyosimama juu ya fa. So, ti na re, pamoja na fa juu yake, ni kordi iliyosimama juu ya so. Wapiga jazi hupenda kuiongeza ile sauti ya nne karibu kila mahali, na ndiyo sababu muziki wao husikika mzito na wenye kivuli, kama chai iliyotiwa viungo.

Katika jazi wapigaji hukubaliana juu ya mfuatano wa kordi, kisha kila mmoja hubuni lahani yake papo hapo juu ya mfuatano huo. Lahani ni ule mwendo wa sauti unaoimbika. Asiyejua kordi zimefika wapi ni kama mtu aliyeingia katika majibizano ya mashairi bila ya kujua kina: anaweza kusema maneno mazuri, lakini hayatakaa mahali pake.

Hapo ndipo penye ugumu kwa watu wa malezi yetu. Sisi tuliokua na taarabu, sikio letu limezoea kufuata lahani na maneno. Fidla, udi na mwimbaji huifuata njia moja, nasi tunakwenda nao. Kordi haziimbiki namna hiyo. Ni ardhi ambayo lahani hutembea juu yake, na ni nadra mtu kuitazama ardhi anayoikanyaga.

KOSA LETU LA KWANZA

Tulianza vibaya. Kijana alikuwa na programu katika simu yake iliyokuwa ikilia kordi moja na kumwuliza jina lake. Alijibu, ikalia nyingine, akajibu. Baada ya juma moja alikuwa akipata nane au tisa katika kila kumi, akafurahi. Kisha tukafungulia wimbo mzima, na asitambue lolote. Mpaka anaijua kordi ya kwanza, ya tatu ilikuwa imekwishapita.

Usiku ule nilikumbuka darasa la kwanza nililolifundisha nilipokuwa mwalimu kijana. Alikuwamo mtoto aliyejua kuzitaja herufi zote, moja baada ya moja, bila ya kukosea, wala hakuweza kusoma neno "baba". Sisi walimu wa Kiswahili tunaujua ugonjwa huo na dawa yake: mtoto hapewi herufi pweke, hupewa silabi, ba-be-bi-bo-bu, kisha neno, kisha sentensi fupi. Msomaji mzuri haoni herufi. Anayaona maneno, na mara nyingi neno linalofuata amekwisha kulihisi kabla jicho halijalifikia.

Nikamwambia mjukuu wangu, "Baba, sisi tunasoma herufi. Tuiweke hiyo simu kando, tutafute silabi."

HATUA YA KWANZA: KUIJUA NYUMBA

Katika kila wimbo wa aina hii ipo sauti moja ambayo zote nyingine huielekea, tukaiita nyumbani. Ni ile do. Zoezi letu la kwanza lilikuwa hili: tunafungulia wimbo wowote, tunausimamisha ghafla popote pale, kisha tunaimba kwa mdomo sauti ambayo tunaona wimbo ungeweza kutulia juu yake na kumalizikia. Hatukujali jina lake, wala ni ufunguo gani wa piano. Tulitaka pa kutulia tu.

Siku tatu za mwanzo tulibahatisha. Siku ya nne tukaanza kuafikiana. Kufikia mwisho wa juma hata mimi, nikiwa jikoni nakaanga vitumbua, niliweza kuinua sauti na kuishika ile do bila ya kufikiri. Jambo hili ni dogo kulieleza, lakini yote yanayofuata yanasimama juu yake. Kordi haina maana peke yake. Maana yake ni umbali wake na nyumbani. Kordi ile ile iliyo nyumbani katika wimbo mmoja huwa ni safari katika wimbo mwingine, na ndiyo sababu programu ile ya simu haikumfaa: ilimfundisha sura za watu bila ya kumwambia wanaishi wapi.

HATUA YA PILI: KUISHUKIA BESI

Ala inayoizungumza kordi kwa uwazi zaidi ni besi, ile kubwa inayosimamishwa wima, ambayo waliohudhuria taarabu za vilabu vya Unguja wanaifahamu. Mara nyingi, kordi inapobadilika, besi huitangaza kwa kuipiga sauti ya chini kabisa, ile ambayo kordi imesimama juu yake. Anayeweza kuiimba besi amekwisha kuipata nusu ya jibu.

Tulianza na rekodi aliyoifanya Ahmad Jamal mwaka 1958 katika hoteli ya Pershing mjini Chicago, kwa kuwa Jamal alikuwa hodari wa kunyamaza. Huacha nafasi, na katika nafasi hizo besi ya Israel Crosby husikika kama mtu anayezungumza chumba cha pili. Kijana aliiimba besi kwa mdomo kwanza, kwa kufungafunga, kisha kwa saksafoni. Sharti letu lilikuwa kwamba asiiguse ala kabla ya kuimba. Kisichopita mdomoni hakijaingia sikioni.

Kisha tukaingia katika bluzi, kwa kuwa ndiyo alifu ya jazi. Bluzi ya kawaida ina vipimo 12, kila kipimo mapigo manne, na njia yake ni hii: vipimo vinne vya kwanza huwa nyumbani, juu ya do. Cha 5 na cha 6 huenda kwa jirani, juu ya fa. Cha 7 na cha 8 hurudi nyumbani. Cha 9 na cha 10 huishika njia ya kurejea, yaani so, na wapiga jazi mara nyingi hutanguliza re kabla ya so. Cha 11 na cha 12 huwa nyumbani tena, kisha mzunguko huanza upya.

Somo bora la bluzi nililolipata ni wimbo wa Duke Ellington uitwao "C Jam Blues", wa mwaka 1942. Lahani yake ina sauti mbili tu, so na do. Kifungu kimoja cha vipimo vinne hurudiwa mara tatu bila ya kubadilika. Ajabu ni kwamba kila mara husikika tofauti, kwa sababu ardhi iliyo chini yake imebadilika: mara ya kwanza iko nyumbani, mara ya pili kwa jirani, mara ya tatu njiani kurudi. Lahani ikisimama tuli namna hiyo, sikio halina pa kwenda ila kushuka chini. Mpiga piano Oscar Peterson naye aliurekodi pamoja na Ray Brown, ambaye besi yake husikika waziwazi. Msikilizaji ajihadhari kwamba katika baadhi ya rekodi wenziwe hunyamaza kwa vipimo vinne ili mpigaji mmoja apite peke yake. Asidhani kwamba amepoteza hesabu.

Tulihesabu kwa vidole. Kijana alisema "nyumbani" besi ikiwa juu ya do, "kwa jirani" ikiwa juu ya fa, na "hodi" ikiwa juu ya so, kwa kuwa so husikika kama mtu aliyesimama mlangoni akingojea kufunguliwa. Maneno hayo ni yake, si yangu. Yule aliyekuwa akinijibu kwa Kiingereza alijichagulia maneno matatu ya Kiswahili, nami sikusema kitu, nisije nikayatisha yakaruka.

HATUA YA TATU: NYUZI MBILI

Juma la tano tuliifikia ile silabi inayorudiwa zaidi kuliko zote katika jazi: re, kisha so, kisha do. Anayeisikia hii amepata ufunguo wa nyimbo nyingi mno.

Besi yake ni nyepesi kuishika, lakini wapiga besi wa jazi hutembea sana, na mara nyingine huificha njia. Hapo husaidia kuzisikiliza nyuzi mbili zilizo katikati. Tazama: kordi ya re ina re, fa, la na do. Kordi ya so ina so, ti, re na fa. Kordi ya do, kwa mtindo wa jazi, ina do, mi, so na ti. Kutoka kordi ya kwanza kwenda ya pili, fa hubaki pale pale na do hushuka kidogo hadi ti. Kutoka ya pili kwenda ya tatu, ti hubaki pale pale na fa hushuka kidogo hadi mi. Yaani uzi mmoja hutulia na mwingine hushuka, kisha hubadilishana zamu.

Sasa, ngazi ya do-re-mi ina vidaraja viwili tu vilivyo vifupi kuliko vingine: kile cha mi na fa, na kile cha ti na do. Hivyo viwili ndivyo vinavyotumika hapa. Ndiyo maana sikio huhisi kushuka na kutua hata kama halijui jina la kordi yoyote. Tuliziimba nyuzi hizo pamoja, mimi nikiimba "fa, fa, mi" na yeye "do, ti, ti", sebuleni, hata mdogo wake akafunga mlango wa chumbani kwake kwa kelele zetu. Sauti yangu ni ya mwalimu mstaafu, si ya mwimbaji. Lakini tulipofika mara ya tatu kijana alinyamaza akanitazama, akasema, "Bibi, nimeisikia. Imekaa."

Kuanzia siku ile aliisikia kila mahali: dukani, katika matangazo ya televisheni, na katika nyimbo za zamani za sinema. Ndivyo anavyokuwa mtoto aliyejifunza kusoma, asiyeweza tena kupita mbele ya kibao cha duka bila ya kukisoma.

HATUA YA NNE: BAHARI MOJA, TUNGO NYINGI

Washairi wetu hutunga tungo elfu katika bahari moja. Anayeijua bahari ya utenzi, mizani nane kila kipande na kina kimoja kinachorudi mwisho wa kila ubeti, anaweza kuufuata utenzi asioupata kuusikia. Wapiga jazi nao wana bahari zao. Bluzi ni moja. Nyingine imetokana na wimbo "I Got Rhythm" wa George Gershwin, wa mwaka 1930: vipande vinne vya vipimo nane nane, cha kwanza, cha pili na cha nne vikifanana, na cha tatu kikienda mbali. Katika kile cha tatu besi huanza mi, kisha la, kisha re, kisha so, vipimo viwili kila moja, halafu hurudi do. Ni kama mtu ateremkaye ngazi ya mnara, zamu kwa zamu, mpaka mlangoni. Juu ya njia hiyo zimetungwa lahani nyingi, mathalan "Oleo" ya Sonny Rollins ya mwaka 1954.

Hapa nilimsimulia habari ya Charlie Parker, aliyezaliwa mwaka 1920. Mwaka 1936, mjini Kansas City, kijana huyo alipanda jukwaani miongoni mwa wakubwa wake akapotea katikati ya wimbo. Inasimuliwa kwamba mpiga dramu Jo Jones alimtupia miguuni kisahani cha shaba cha dramu ili kumwashiria ashuke, na watu wakacheka. Kiangazi cha mwaka 1937 Parker alikwenda kufanya kazi milima ya Ozark, akachukua sahani za santuri za Lester Young, akazisikiliza hata akazihifadhi. Mwaka 1945 alirekodi "Ko-Ko", ambayo imesimama juu ya njia ya kordi za "Cherokee", wimbo wa Mwingereza Ray Noble. Lahani ni mpya kabisa, na ardhi ni ile ile.

Mjukuu wangu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Alikuwa na miaka mingapi aliposhushwa?" Nikamwambia, kumi na tano au kumi na sita. Hakusema zaidi, lakini usiku ule alifanya mazoezi bila ya kuambiwa.

Wimbo wetu wa mwisho ulikuwa "Autumn Leaves", ambao muziki wake ulitungwa na Joseph Kosma nchini Ufaransa mwaka 1945. Tuliisikiliza rekodi ya Cannonball Adderley ya mwaka 1958, ambamo Miles Davis anapiga tarumbeta na Art Blakey dramu. Baada ya utangulizi mrefu, njia huanza: re, so, do, fa, kisha ti, mi, la. Hesabu, ndugu msomaji: ngazi ina sauti saba, na besi imesimama juu ya kila moja mara moja tu. Hutua do katikati kwa furaha, kisha huendelea na kutua la kwa huzuni. Nyumba mbili katika wimbo mmoja. Mtu aliyehama hahitaji kufasiriwa hilo.

Tulikuwa tukiusikiliza asubuhi ya Jumamosi, na mkwe wangu amerudi kazini, kaketi mezani na kikombe chake cha chai, macho yamemwiva kwa usingizi. Sikudhani kwamba anasikiliza. Mara akaweka kikombe chini akasema, "Hapo katua." Kijana akageuka. Lilikuwa pigo lenyewe hasa. "Umejuaje, Baba?" Akajibu, "Sijui. Nilimsikia anakwenda, anakwenda, kisha akafika." Wakausikiliza tena pamoja, na mimi nikaondoka kwenda kuosha vyombo visivyokuwa vichafu.

LILILOTOKEA

Mwisho wa muhula mjukuu wangu alikuwamo katika onyesho, na baba yake alibadilishana zamu na mwenzake ili aje. Sitasema kwamba kijana alikuwa wa mbele. Alipiga sehemu ya pili, na alipopewa nafasi ya kubuni peke yake kwa vipimo 12, alipotea kwenye cha 6. Nilimwona mabega yakimpanda. Lakini hakuiweka ala mapajani. Alinyamaza vipimo viwili, akiisikiliza besi. So ilipolia akaweka mdomo, na do ilipofika alikuwapo nyumbani akiwangojea wenziwe. Wengi ukumbini walidhani kwamba ule ukimya ulikusudiwa.

Hilo ndilo ninalotaka kuwaachia wazazi wenzangu. Kulizoeza sikio hakumkingi mtu na kupotea. Hata hodari hupotea. Humpa kujua ni wapi njia itarudi, ili akipotea ajue pa kungojea. Kijana mwenye karatasi tu, karatasi ikiondoka, hana kitu.

Kwa anayetaka kujaribu na mwanawe, nafupisha. Dakika 15 kila siku ni bora kuliko saa mbili za Jumapili. Tafuteni do kwanza, kwa kuimba. Imbeni besi kabla ya kugusa ala. Kaeni na bluzi moja kwa majuma mawili bila ya kuharakia nyingine. Kisha ziimbeni zile nyuzi mbili, mmoja wenu akishika huu na mwingine ule, na hapo ndipo muende kwenye nyimbo ndefu. Zipeni sehemu za njia majina yenu wenyewe, kwa lugha yenu wenyewe. Hapa Uingereza mtihani wa muziki wanaoufanya watoto wa miaka 16 una sehemu ya kusikiliza, kwa hivyo kazi hii haipotei bure hata kwa mzazi anayejali vyeti.

Wala usiseme, "Mimi sijui muziki." Mimi pia sikuujua. Mtoto hakuhitaji mjuzi nyumbani. Mjuzi yuko shuleni. Alihitaji mtu wa kukosea pamoja naye bila ya haya.

Saksafoni sasa haikai tena mvunguni. Imewekwa pembeni mwa sebule, karibu na kiti cha baba yake.

Wassalaam alaykum.
Mwalimu mstaafu, Bibi wa wajukuu watano